Maradhi ya Kompyuta na Njia ya Kuyatafuta

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za michezo, za mashindano ya majadiliano na za bustani ya shule. Muhula huu naomba nafasi nieleze jambo linalosumbua nyumba nyingi siku hizi, nalo ni kompyuta inayougua. Wazazi wengi wamenunua mashine hizi kwa fedha za jasho. Siku mashine inapokataa kuwaka, au inapowaka bali haifanyi kazi, nyumba nzima huikusanyikia na kila mtu hukisia. Mmoja husema imezeeka, wa pili husema imeingiwa na virusi, na wa tatu humwita fundi aje afute kila kitu kilichomo. Mimi nimeona kwa macho yangu hasara ya kukisia, na hasara nyingine niliileta kwa mkono wangu mwenyewe, kama nitakavyoungama huko mbele.

Neno langu kubwa ni hili. Kompyuta haina uchawi. Kila ugonjwa wake una mahali ulipoanzia, na mahali hapo hupatikana kwa kuuliza maswali kwa taratibu na kuyajibu kwa kweli.

Sisi tunaosoma hapa Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, misafara ilikwenda kwa miguu toka Bagamoyo mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka Ujiji, mwendo upatao kilometa 1,200. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua mizigo ya nguo, shanga, nyaya na pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa katika njia hiyo hiyo kwa mateso makubwa, jambo ambalo halifai kusahauliwa. Basi, mzigo uliotoka pwani ukikosekana Ujiji, haikusaidia kitu kuilaumu njia nzima. Ilipasa kuuliza: Je, ulionekana Bagamoyo? Ulionekana Ugogo? Ulifika Unyanyembe? Kambi ya mwisho ulipoonekana na kambi ya kwanza ulipokosekana, kati ya hizo mbili ndipo penye habari.

Kompyuta nayo ina njia yake, na kazi hupita humo kambi kwa kambi. Kambi ya kwanza ni umeme, utokao ukutani, ukapita katika waya na chaja mpaka ndani ya mashine. Ya pili ni vyombo vya ndani, mathalani ile kumbukumbu ya muda iitwayo ramu. Ya tatu ni diski, ambayo ni ghala la kuwekea kila kitu. Ya nne ni mfumo wa uendeshaji, kama Windows, ambao ndio mkuu wa msafara. Ya tano ni programu tunazotumia, kama ile ya kuandikia barua. Ya sita ni mtandao, unaotuunganisha na watu wengine. Mtu mwenye busara huanza kambi ya kwanza. Ikiwa taa ya mashine haiwaki kabisa, hapana haja ya kusema habari za virusi, maana virusi hukaa katika diski, na diski haijapata hata umeme. Atajaribu soketi nyingine na chaja nyingine. Ikiwa taa yawaka na feni yavuma lakini kioo ni cheusi, basi umeme umefika, na tatizo liko mbele zaidi. Ikiwa maandishi ya kampuni iliyounda mashine yanatokea lakini Windows haiji, atazame diski na mfumo.

Kabla ya kugusa lolote yapo maswali matatu ya kuuliza. La kwanza: Mashine imesema nini? Ikiandika maneno au tarakimu za kosa, ziandike katika karatasi au zipige picha kwa simu, usizifunge kwa hasira. La pili: Ni kitu gani kilichobadilika mara ya mwisho kabla ya ugonjwa kuanza? La tatu: Ndani yake mna kitu gani kisicho na nakala mahali pengine? Nimejifunza kwamba la pili ndilo gumu kuliko yote, si kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu yetu sisi tunaojibu.

Nchi yetu yenyewe ina historia katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ililetwa Tanzania mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Baada ya kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta kwenda vibaya, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yaliondolewa baadaye. Sitaki kuwahukumu wakubwa wale, kwa kuwa mashine za wakati huo zilikuwa za gharama kubwa na wataalamu walikuwa wachache mno. Lakini nikiisoma habari hiyo nakumbuka jinsi sisi nyumbani tunavyofanya hadi leo: kazi ikiharibika, mashine yote hufungiwa kabatini, kumbe labda palipoharibika ni mahali pamoja tu.

Sasa nieleze yaliyonipata. Katika likizo ya Juni 2025, nilipokuwa kidato cha tatu, nilikaa kwa shangazi yangu mtaa wa Isevya. Shangazi ana stesheneri ndogo. Huchapa barua, hutoa fotokopi na huwajazia watu fomu za maombi. Tena ndiye katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wa vijiji vya jirani, na daftari lao lote la akiba na la asali waliyoleta lilikuwa ndani ya kompyuta yake. Watu wale huweka shilingi elfu mbili mbili au elfu tano tano kila mwezi, na siku ya mgawo ilikuwa imebaki juma moja.

Jumamosi moja kompyuta ilikuwa ikijisahihisha, na kioo kiliandika kwamba tusiizime. Umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikawaka, ikazunguka, ikazima, ikawaka tena, ikawa hivyo hivyo mpaka jioni. Akaitwa fundi. Fundi alitazama kwa dakika tano akasema dawa yake ni kupiga window upya, shilingi elfu thelathini. Shangazi alikuwa tayari ameshika mkoba.

Nikamwambia, "Shangazi, daftari la wafuga nyuki lina nakala wapi?"

Akanitazama, akasema, "Lipo humo humo, mwanangu."

Basi tulimwomba fundi aondoke kwa heshima, tukampa nauli. Wasomaji waelewe kwamba kupiga window upya si kosa. Wakati mwingine ndiyo dawa pekee. Lakini kufanya hivyo kwa kufuta diski kabla ya kutoa nakala ni sawa na kuchoma ghala ili kumfukuza panya. Mahindi nayo yatakwenda.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuokoa daftari. Upo mfumo mwingine wa uendeshaji uitwao Linux, ulioanzishwa na Bwana Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, nao hutolewa bure. Mmojawapo katika jamii ya Linux ni Ubuntu, uliotolewa kwanza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Mfumo huu waweza kuwekwa katika flashi, na kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo bila kuigusa Windows. Rafiki yangu alitutengenezea flashi hiyo kwa kompyuta ya kwao. Tukaichomeka, tukaiambia mashine ianze kwa flashi, na kioo kikafunguka. Tuliona mafaili yote ya shangazi yametulia katika diski kama mizigo iliyopangwa chini ya mwembe. Tukalinakili daftari katika flashi ya pili na tena katika simu ya shangazi. Usiku ule shangazi alilala.

Jambo hilo lilitufundisha pia mahali pa ugonjwa. Diski ilisomeka vizuri, kwa hiyo kambi ya tatu ilikuwa salama. Ramu ilifanya kazi, kwa hiyo kambi ya pili nayo ilikuwa salama. Ugonjwa ulikuwa katika kambi ya nne, yaani Windows yenyewe, ambayo masahihisho yake yalikatwa katikati.

Yafaa nieleze masahihisho haya, ambayo watu huyaita apdeti. Programu huandikwa na watu, na watu hukosea. Kosa likigunduliwa, kampuni hutoa kiraka cha kuliziba. Wengine huona apdeti ni usumbufu unaokula bando tu. Hebu wasikie habari hii. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho ya kuziba tundu moja katika Windows. Watu wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu mbaya iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo hilo, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha matibabu. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi hawakupatwa kwa tundu lile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo apdeti zenyewe hushindwa, na sababu zake kubwa ni nne. Ya kwanza ni diski kujaa, kwa kuwa masahihisho huhitaji nafasi ya kufungulia mizigo. Ya pili ni umeme kukatika kazi ikiendelea. Ya tatu ni bando kwisha njiani, mzigo ukafika nusu. Ya nne ni tarehe ya kompyuta kuwa ya uongo. Sababu hii huwashangaza wengi. Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ndogo ya mviringo, aghalabu ile iandikwayo CR2032, ambayo hutunza saa mashine ikiwa imezimwa. Ikifa, kompyuta yaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Hapo vyeti vya usalama vya mtandao huonekana kama vimekwisha muda au havijaanza, nayo hukataa kuzungumza na yule anayeleta masahihisho. Rekebisha tarehe kwanza, na betri ibadilishwe.

Wengi wetu tumekwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla ya hapo Stanley alipofika Unyanyembe, alikuta barua na bidhaa za Livingstone zimekwama, kwa kuwa vita ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe ilikuwa imeifunga njia ya Ujiji. Barua zile hazikuwa na kosa lolote. Njia ndiyo iliyofungwa. Mwezi Septemba 1871 Stanley aliacha njia ya kawaida akazungukia kusini, na kwa kuzunguka hivyo akafika.

Windows nayo ina njia ya kuzunguka. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, kwa kawaida hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna nafasi ya kuondoa masahihisho ya mwisho, na nafasi ya kuwasha mashine katika hali salama, ambayo hupakia vitu vichache tu vya lazima. Sisi tulichagua kuondoa masahihisho ya mwisho. Ikachukua kama nusu saa, kisha Windows ikaja. Tukafungua mahali inapoandika historia ya apdeti, tukaona imeshindwa mara nne kabla ya siku ile, kila mara kwa tarakimu 0x80070070. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba diski haina nafasi ya kutosha. Mashine ilikuwa imelia mara nne na hapana aliyesoma. Tukahamisha picha na video za arusi katika diski ya nje, tukafungua mahali pa kuandikia amri kwa mamlaka ya msimamizi, tukaandika sfc /scannow ili Windows ikague mafaili yake yenyewe. Shangazi alikopa kwa jirani chombo kidogo cha kutunza umeme, tukaweka masahihisho upya usiku ambapo bando ni rahisi, nayo yakaingia. Siku ya mgawo kila mfuga nyuki alipata fedha yake kwa hesabu.

Wasomaji watadhani hadithi imekwisha. Mimi nami nilidhani hivyo, au tuseme niliomba iwe imekwisha.

Nilisema kwamba swali la pili ni hili: Ni kitu gani kilichobadilika? Siku ile mashine ilipokataa kuwaka shangazi aliniuliza, nami nikajibu kwamba hapakuwa na kitu ila apdeti. Sikusema kweli. Siku nne kabla yake mteja alitaka hati ya pdf igeuzwe iwe ya kuandikika. Programu nzuri ya kazi hiyo huuzwa. Mimi nikaitafuta iliyovunjwa kufuli, ya bure, nikaipata. Wakati wa kuiweka, mlinzi wa Windows alinionya. Maelezo yaliyokuja na programu yalisema nimzime kwanza, nami nikamzima. Hati ikageuzwa, mteja akalipa shilingi elfu mbili, nikajiona hodari.

Juma moja baada ya mgawo, mteja mmoja wa zamani, mwalimu mstaafu, alikuja dukani kumpa pole shangazi. Alisema amepata barua pepe yake ya kuomba msaada wa dharura, naye ametuma shilingi 80,000 kwa namba iliyoandikwa. Shangazi hakuwa ameandika barua hiyo. Mtu fulani alikuwa amelipata neno lake la siri, akaingia katika barua pepe yake, akawaandikia wateja kwa jina lake.

Hapo ndipo nilipojua maana ya programu ya kijasusi. Virusi vingi vya zamani vilijionyesha kwa kuharibu mafaili. Jasusi hataki kuonekana. Hukaa kimya, akaandika herufi unazobonyeza, akachukua maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika kivinjari, akayatuma kwa bwana wake. Livingstone aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na mchovu, alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzilinda. Jasusi wa kompyuta ni wa namna hiyo. Hupewa mlango na mwenye nyumba.

Dalili zake ni hizi: bando kwisha upesi bila sababu, feni kuvuma wakati hapana kazi, kivinjari kufungua kurasa usizoziomba, au marafiki kupata ujumbe usiouandika. Lakini nawaonya wasomaji kwamba wepesi wa kukisia ni mbaya hapa pia. Kompyuta nzito si lazima iwe na jasusi. Yaweza kuwa imejaa, au imekula vumbi, au ina programu nyingi zinazowaka pamoja nayo. Kagua kwanza.

Tulifanya hivi, na nashauri kila mtu afuate mpango huu. Kwanza tulizima mtandao, ili jasusi asiendelee kutuma. Pili, tulifungua orodha ya programu zilizowekwa, tukaipanga kwa tarehe. Juu kabisa palikuwa na programu yangu, na pamoja nayo nyingine mbili nisizozijua, zote za tarehe moja. Shangazi alisoma tarehe ile kwa kidole. Hapana mtu mwingine aliyekuwa dukani siku hiyo ila mimi.

Nikasema, "Shangazi, nisamehe. Ni mimi. Nilijua tangu siku ile uliponiuliza."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ungesema siku ile, Mwalimu asingepoteza fedha yake." Hakuongeza neno, na ingekuwa nafuu kwangu kama angefoka.

Tatu, tulimrudisha mlinzi wa Windows kazini, naye ni Defender, ambaye ni wa bure. Anao ukaguzi wa pekee unaofanyika kabla Windows haijafunguka, wakati jasusi hajaamka wala hajapata nafasi ya kujificha. Akawakamata. Nne, shangazi alibadili maneno yake yote ya siri, na jambo hili alilifanya kwa simu yake, si kwa kompyuta ile, kwa sababu ukiandika neno jipya mbele ya jasusi umemwambia na hilo. Akaweka pia ulinzi wa hatua mbili, ambao mtu akijua neno la siri bado hudaiwa namba inayoletwa kwa simu. Tano, aliwaandikia wateja wake wote kuwaeleza yaliyotokea. Sita, kwa kuwa mashine iliyowahi kukaa na jasusi haiaminiki upesi, tulinakili hati zake, hati tu bila programu, kisha safari hii tukafuta diski na kuanza upya. Dawa ya fundi yule ilikuwa ya kweli, ila wakati wake ulikuwa haujafika.

Mwezi Oktoba 2025, tarehe 14, Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, ambayo ndiyo iliyokuwa katika mashine ya shangazi. Mashine ile haikutimiza masharti ya Windows 11, basi sasa inatumia Linux, na barua huchapwa kama zamani. Wazazi wenye kompyuta za umri huo watazame zao.

Neno dogo juu ya njia za kuingilia jasusi. Programu za wizi ni mlango mkubwa. Flashi zinazozunguka toka duka hadi duka ni mlango wa pili, na ukikuta mafaili yako yote yamegeuka kuwa njia za mkato, usiyabonyeze, ikague flashi kwanza. Mlango wa tatu ni mafaili yaletwayo kwa barua pepe. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina, hivyo faili iitwayo MATOKEO.pdf.exe huonekana MATOKEO.pdf, kumbe ni programu. Yafaa kuiambia Windows izionyeshe herufi hizo daima. Simu nazo zisisahauliwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Programu ya simu inapoomba ruhusa ya kusoma majina na namba za watu wako wote, jiulize inazitakia nini. Tena sisi vijana tukumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2015 inamhesabu kuwa mkosaji mtu aingiaye katika kompyuta ya mwenzake bila ruhusa. Kumwekea mwenzako programu ya kumpeleleza si mzaha.

Shangazi alimlipa mwalimu yule shilingi zake 80,000 mfukoni mwake, ingawa yeye alikataa mara mbili kuzipokea. Mimi namlipa shangazi kidogo kidogo kwa kazi ya likizo, na leo nadaiwa 15,000. Daftari la wafuga nyuki sasa lina nakala tatu, moja dukani, moja nyumbani na moja kwa mwenyekiti wa kikundi.

Wasomaji wapenzi, maarifa niliyoyaeleza hapa si mengi, na mtu yeyote aweza kujifunza katika siku chache. Kompyuta ikiugua, ulizeni kambi kwa kambi, someni inachosema, tunzeni nakala kabla ya kufuta. Wazazi, mtuulizapo tumefanya nini, tuulizeni kwa upole ili tusiogope kujibu. Nasi wanafunzi tusione haya kusema, "Ni mimi niliyebonyeza." Njia yote yaweza kukaguliwa toka mwanzo hadi mwisho, lakini kama mmoja aliyeko njiani anaficha alilolifanya, mzigo hautaonekana.